Sauti ya Kumi na Tisa

Jumamosi iliyopita, msomaji, tulimwacha Zdravka kapiga magoti chini ya meza ya jikoni, waya wa umeme mikononi, na juu ya meza kompyuta ikizibadilisha majina faili zake moja baada ya nyingine huku yeye anatazama. Avute, asivute?

Alivuta.

Kioo kikazimika. Feni ikazunguka mara ya mwisho, ikanyamaza. Jikoni ikabaki sauti moja tu, ya ngano iliyokuwa ikichemka, chakula cha marehemu, kwa ajili ya kumbukumbu ya kesho.

"Ee Mungu," alisema Zdravka akiwa bado chini, "nimeua au nimeokoa?"

Uliyejiunga nasi leo usihangaike, nakuweka njiani sasa hivi. Asen, mume wa Zdravka, aliendesha basi la shule hapa Borinovo miaka thelathini, na hakuna mtoto wa mji huu asiyezijua hadithi zake. Mwezi wa tatu madaktari wa Plovdiv walimpasua koo kumtoa saratani. Saratani ikatoka, sauti ikatoka nayo. Lakini kabla ya kisu, Asen alikuwa amekaa na kinasa sauti jioni kumi na nane, akimsimulia mjukuu ambaye hakuwa amezaliwa bado. Ya kumi na tisa aliirekodi hospitalini, siku moja kabla ya kupasuliwa.

Rekodi kumi na tisa. Hiyo ndiyo sauti yote iliyobaki ya Asen duniani, na yote ilikuwa ndani ya kompyuta ile.

Na mjukuu mwenyewe, Kalina, miezi mitatu, yuko njiani. Yoana, binti yao anayeishi Valencia, anamleta kesho Jumapili kwenye kumbukumbu ya miezi sita ya mama yake Asen. Asen amekwisha panga: baada ya chakula spika itawekwa mezani, mtoto atapakatwa, amsikie babu yake. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na wa Zdravka alikuwa amekwisha katiwa tiketi ya ndege.

Mlango ukasukumwa kwa goti. Aliyeingia ni Stamat, jirani, rafiki wa Asen tangu utotoni na msimamizi wa ndoa yao, viti sita mkono huu, sita mkono ule.

"Shemeji! Viti hivi hapa, mabenchi yanafuata." Akasimama. "Mbona uko chini kama umefiwa?"

"Nimefiwa, shemeji. Kompyuta imeingia ugonjwa. Inazifunga rekodi za Asen, haifunguki hata moja. Imeandika maneno mekundu, wanataka walipwe."

Viti vikaanguka.

"Zote?"

"Sijui."

"Hata ile niliyomrekodia mimi hospitali?"

"Nimesema sijui, Stamat!"

Stamat akaikaribia kompyuta. Huyu alikuwa fundi matrekta mpaka alipostaafu, na kwake yeye kila kinachotumia umeme ni trekta iliyokosa heshima.

"Basi tusizubae. Washa, chomeka flashi, tunakili zilizobaki kabla hazijaisha. Upesi, shemeji! Kila dakika ni hasara."

Msomaji, usimcheke Zdravka, ungekuwa wewe ungefanya vile vile. Nyumba ikiungua si unakimbilia ndani kutoa godoro? Alinyanyuka, akaichukua flashi nyekundu pale inapokaa siku zote, kwenye rafu chini ya sanamu ya Bikira Maria. Na ni haraka hiyo iliyomwokoa, maana flashi ilimponyoka ikaingia chini ya jiko, na alipoinama kuitafuta akili ikamrudia kidogo.

"Ngoja nimpigie Denitsa."

Denitsa ni mtunzaji wa nyumba ya kusomea ya mji. Kila Jumatano anawafundisha wazee kutumia simu, na hajawahi kumgombeza hata mmoja. Siku hiyo alipokea kwenye mlio wa kwanza, na spika ya simu ikamfikisha hadi masikioni mwa Stamat.

"Shangazi Zdravka, taratibu. Umechomoa umeme?"

"Nimechomoa."

"Umefanya la maana. Sasa usiiwashe tena. Hata kwa sekunde. Ikiamka itaendelea kula pale ilipoishia."

"Stamat anasema tuchomeke flashi tunakili..."

"Mwambie Mzee Stamat atoe mikono yake hapo! Kilichomo ndani kinaruka kwenye kila utakachokichomeka. Ulikuwa na mgonjwa mmoja, utakuwa na wawili. Flashi gani hiyo?"

"Nyekundu. Hii niliyompelekea Pencho juzi, achapishe matangazo ya mama mkwe."

Upande wa pili kiti kikasogezwa kwa nguvu.

"Denitsa?"

"Shangazi, niambie sauti za mjomba Asen hazimo kwenye flashi hiyo."

Zdravka aliigeuza flashi mkononi. Zilikuwamo, na hakuwa na nakala nyingine popote.

Mnajua wenyewe mambo yetu. Mtu akifa lazima tangazo lake lenye picha libandikwe mlangoni, kwenye nguzo, kituo cha basi. Arobaini ikifika, jingine. Miezi sita, jingine. Mwaka, jingine. Na kila tangazo la Borinovo huchapishwa na mtu mmoja, Pencho, kwenye kompyuta moja ambayo haijapanguswa vumbi tangu aifungue kwenye boksi. Kila familia ina flashi yake moja, humo kuna harusi, ubatizo, makaratasi ya pensheni na marehemu wote, na kila msiba flashi inakwenda kwa Pencho na kurudi. Padri anabatiza watoto wetu kwenye beseni moja, na Pencho anaziambukiza flashi zetu kwenye tundu moja.

"Niliichomeka jana jioni kuangalia kama picha ya mama imerudi salama," Zdravka alinong'ona. "Nilifungua tu, Denitsa. Nilifungua mara moja tu."

"Haijaisha mpaka iishe. Niletee vyote viwili. Usichomeke chochote, usi..."

Nyuma ya Zdravka feni ikaanza kuzunguka.

Aligeuka. Stamat alikuwa amerudisha waya ukutani na kidole chake kilikuwa bado kwenye kitufe.

"Nimejaribu kidogo tu, shemeji! Trekta ikizimika unapiga stata mara ya pili!"

Zdravka aliruka juu ya viti. Hajui aliruka vipi, mwanamke wa miaka sitini na mbili mwenye goti bovu, lakini aliruka, akaung'oa waya pamoja na kipande cha plasta ya ukuta. Kisha akampiga Stamat begani kwa waya ule ule.

"Unataka kuniua? Sema tu unataka kuniua!"

"Sekunde tano hazijafika..."

"Imekula ngapi kwenye sekunde tano? Ngapi, Stamat?"

Zdravka akaona machozi yanamtoka bila idhini yake, akayafuta kwa aproni, na hapo ndipo kivuli kilipotanda mlangoni.

Asen.

Alikuwa ametoka kupasua kuni, kitambaa shingoni kufunika tundu analopumulia. Kibao chake kidogo cha chaki kilining'inia kifuani kwa kamba. Akaviangalia viti sakafuni, akaiangalia plasta, akaandika:

KELELE ZA NINI?

"Vumbi," alisema Zdravka. Uongo ulimtoka wenyewe. "Kompyuta imejaa vumbi, mume wangu. Denitsa anataka kuisafisha kabla ya kesho. Si unajua, isije ikakwama mbele za watu."

Asen akamtazama Stamat. Stamat akaitazama sufuria. Asen akafuta kibao kwa mkono wa shati, akaandika tena, na uso wake ulikuwa na haya kama wa bwana harusi:

NIMECHAGUA. TUTAANZA NA YA DUBU.

"Vizuri," alisema Zdravka. "Ya dubu ni nzuri sana."

Alitamani ardhi ipasuke.

Kompyuta ilivingirishwa blanketi la sufi, ikapakiwa kwenye toroli, na flashi nyekundu Zdravka akaitia mfukoni. Stamat alisukuma, Zdravka akaenda pembeni ameshikilia blanketi. Walipopita nguzo ya kwanza, mama mkwe aliwatazama kutoka kwenye tangazo lake la miezi sita, ametabasamu.

"Usinicheke, mama," Zdravka alimwambia. "Ni kwa ajili yako haya."

Kwenye nyumba ya kusomea, Denitsa alikuwa amekwisha funga pazia na kuandaa meza. Juu yake kulikuwa na kompyuta kuukuu, nene kama tofali.

"Hii haina mtandao wala haitaujua," alisema huku akifungua skrubu. "Na inaendeshwa na mfumo mwingine kabisa, kirusi hiki hakina meno ya kuutafuna. Siiwashi mashine yako, shangazi. Natoa diski yake tu, naisoma kutoka huku kama mtu anavyosoma barua bila kumkaribisha mwandishi ndani."

"Na flashi?" aliuliza Stamat.

"Flashi baadaye. Na wewe, Mzee Stamat, kaa juu ya mikono yako."

Stamat akaikalia kweli.

Orodha ikatokea kwenye kioo. Zdravka hakuwa na miwani, lakini hakuihitaji. Majina aliyoyaandika mwenyewe, *Dubu*, *Theluji ya mwaka ule*, *Bibi na mbwa mwitu*, mengine yalikuwapo na mengine yamegeuka takataka ya herufi.

"Zimefungwa kumi na mbili," alisema Denitsa polepole. "Saba zimebaki. Ulivuta kwa wakati, shangazi, isingekuwa hivyo tungekuta jivu."

"Dubu?"

"Imefungwa."

Zdravka akakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfikia kidevuni. Kesho saa saba Asen atakaa mezani, mtoto mapajani, atasubiri dubu, na dubu hatakuja. Atamwambiaje? Ni yeye aliyekuwa mtunzaji. Asen alitoa koo lake, yeye akapewa kazi ya kutunza kilichotoka humo, akakipeleka kwa Pencho pamoja na picha ya marehemu.

"Afadhali ningekatwa mimi," alisema. "Mimi nina nini cha kusema? Nasema chumvi iko wapi, basi."

"Shangazi, nipe flashi."

Denitsa akaichomeka kwenye tofali lake. Wote watatu wakainama.

Kabrasha la Asen lilifunguka. Ndani mlikuwa na alama ndogo ndogo kumi na nane, kila moja nyepesi kuliko barua ya maneno mawili.

"Hamna kitu," alisema Stamat. "Ni maganda. Ifute yote, uanze upya, angalau flashi ipone..."

"Mzee Stamat, ungekuwa daktari mji huu ungekuwa wa makaburi tu." Denitsa hakumgeukia hata. "Haya ni mabango. Kirusi cha Pencho kinaificha faili yenyewe na kuweka bango mlangoni lenye jina lile lile. Ukibonyeza bango, unakifungulia kirusi. Ndivyo ulivyofanya jana, shangazi. Wengi wanaona maganda, wanafuta yote, na wanafuta watoto wao wenyewe. Sasa ngoja niiambie kompyuta ituonyeshe waliojificha."

Akaandika mstari mmoja, akabonyeza.

Zikatokea. Zilitoka kwa mkupuo, kumi na nane, nzito, majina kamili.

Denitsa akabonyeza ile ya dubu.

*"Kalina, au Kalin, sijui wewe ni nani bado,"* ilisema sauti ya Asen, nene, yenye kicheko chini yake. *"Sikiliza. Hapo zamani, kwenye msitu ulio nyuma ya kituo chetu cha basi, palikuwa na dubu aliyependa kupanda bila tiketi..."*

Zdravka akajiziba mdomo kwa aproni na kulia kwa sauti. Alikuwa hajaisikia sauti hiyo tangu Machi. Hakuthubutu kuzifungua, akiogopa kwamba akizisikia hataweza tena kuishi na chaki.

Ndipo Denitsa alipoinua macho. "Mjomba Asen."

Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa amewafuata. Nani angeamini vumbi, na plasta ipo sakafuni? Alisikiliza mpaka dubu akaketi kiti cha dereva, na midomo yake ilikuwa ikisogea pamoja na maneno, bila kutoa kitu.

"Asen, nisamehe," Zdravka alisema. "Nilikudanganya. Ziliugua, nilikaribia kuzipoteza, ni kosa langu, lakini zimepatikana, kumi na nane zote nzima, muulize Denitsa..."

Asen akaandika haraka, chaki ikalia:

NA YA MWISHO?

Msomaji, hapa nikufungulie moyo wa Zdravka. Rekodi ya kumi na tisa aliiogopa. Stamat ndiye aliyepeleka kinasa sauti hospitalini, akakirudisha, akaiingiza kwenye kompyuta, na akaleta agizo: Asen amesema usiisikilize mpaka afe. Zdravka hakuisikiliza. Wala hakuinakili kwenye flashi. Ile ni flashi inayokwenda kwa Pencho kuchapa wafu. Kuweka humo maneno ya "mpaka nife" ingekuwa kumwita Mauti kwa jina na kumwachia mlango. Kwa hiyo aliiacha kwenye kompyuta, mahali alipodhani ni salama. Lakini usiku mwingi, akimsikiliza Asen anapiga miluzi kwa tundu la shingo, alijipa moyo: ipo moja yangu. Wengine wamepewa dubu, mimi nimewekewa yangu.

Denitsa alirudi kwenye diski ya kompyuta. Akatafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Imefungwa," alisema. "Ni ya mwisho kufungwa. Saa inaonyesha leo, saa nne na dakika ishirini na moja."

Zdravka alihesabu. Umeme alivuta mara ya kwanza saa nne na robo.

Ni zile sekunde tano.

Alimgeukia Stamat, na maneno aliyokuwa nayo mdomoni siwezi kuyachapa gazetini. Lakini kabla hayajatoka alimwona mumewe. Na alichokiona kilimkata kuliko habari yenyewe.

Asen alikuwa ameshusha pumzi. Mabega yameteremka, uso umelegea, kama mtu aliyetoka kwa daktari na kuambiwa hana kitu.

Alifurahi.

"Asen?" alisema Zdravka.

"Msikate tamaa," Denitsa alidakia, hakuwa ameuona uso wa Asen. Alikuwa akizinakili zile kumi na nane kwenye diski mbili mpya. "Moja mnaondoka nayo, moja inabaki humu kwenye droo yangu, haichomekwi popote. Na hii diski mgonjwa msiitupe wala msiifute. Iliyomo imefungwa tu, haijafa. Wakati mwingine wanaotengeneza magonjwa haya hukamatwa, funguo zao zikatolewa bure. Mwezi ujao, mwaka ujao. Siku moja itafunguka, shangazi, utaisikia."

Rangi ikamtoka Asen. Akaandika neno moja, kubwa, limejaa kibao chote:

IVUNJE.

Zdravka akainyakua ile diski mezani akaikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Ilikuwa bado ya moto.

"Sivunji."

Asen akaonyesha kibao kwa kidole. IVUNJE.

"Sivunji, Asen! Hii ni yangu. Uliniwekea mimi. Miezi saba nalala na chaki, nimekaa na ahadi hii kama mjinga, leo unaniambia nivunje? Ulisema nini humu?"

Alifuta. Akalazimika kuandika mara mbili ili isomeke:

NILIDHANI NAKUFA.

Zdravka alisoma, akasoma tena. Aliogopa, na safari hii hakuwa akiogopa kirusi.

Palikuwa na mtu mmoja zaidi aliyekuwa kwenye chumba kile cha hospitali, aliyeshika kinasa sauti mkononi na kusikia kila neno. Mtu huyo alikuwa amekaa pembeni, juu ya mikono yake, na jasho lilikuwa likimtiririka ndani ya kola. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Zdravka alijiuliza kama fundi wa matrekta miaka arobaini kweli hajui maana ya kuambiwa usiwashe.

"Stamat," alisema. "Uliwasha makusudi."

"Shemeji..."

"Usiniite shemeji. Umesimamia ndoa yangu, umekula kwangu miaka thelathini na minane. Alisema nini?"

Stamat akamtazama Asen. Asen akatikisa kiganja: nyamaza, nyamaza. Lakini mzee yule alikuwa amebeba mzigo tangu Machi, na pale akauachia.

"Nitakuambia, Zdravka, Mungu anisamehe. Lakini uniapie kitu kimoja kwanza. Yoana asijue. Maisha yake yote, Yoana asijue kamwe."

"Yoana asijue nini?"

Sauti haikuwa ya Zdravka. Ilitoka mlangoni. Yoana alikuwa amesimama pale, siku moja kabla, koti la safari mwilini na Kalina amelala begani.